Kipupwe cha Bariadi na Wafu Wanaotembea

Ukiwaambia mafrateri wenzetu wanaotoka Njombe na Makete kwamba Bariadi nako kuna baridi, watacheka mpaka washike mbavu. Kwao Julai barafu hulala juu ya majani ya viazi, na mtu huenda Misa ya asubuhi amevaa makoti mawili. Sisi hatuna barafu. Tuna upepo. Huanza mvua zikishaondoka, huvuma kutoka mashariki, upande wa Serengeti, hukausha midomo, hupasua visigino, na kila jioni huacha vumbi jipya juu ya meza uliyoifuta asubuhi. Ule udongo mweusi wa mbuga unaonasa magari mwezi Machi, Julai hupasuka nyufa za kuingia mguu wa mtoto. Mchana jua ni lile lile. Usiku ndipo blanketi linapotafutwa, na anayeamka saa kumi kuchunga zamu ya maji kisimani hujifunga shuka mpaka kichwani.

Hata hivyo, huu ndio msimu wetu mzuri. Pamba inavunwa na kupimwa AMCOS, na kwa wiki chache mifukoni mna kitu. Juu ya mapaa ya mabati kuna michembe inayoanikwa, na matobolwa, na majani ya kunde kwa ajili ya miezi ya njaa. Ngoma zinarudi, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, na kila upande una hakika kwamba dawa ya mwenzake imeisha nguvu. Harusi zinafuatana hata paroko anaanza kuchanganya majina. Agosti ikiingia, wenye nafasi huenda Nyakabindi kutazama mifugo na matrekta ya Nane Nane, kama walivyofanya watu wa nchi nzima mwaka 2018 maonyesho ya kitaifa yalipoletwa kwetu, na Simiyu yenyewe ilikuwa na miaka sita tu tangu kuitwa mkoa.

Ni msimu huo huo sisi mafrateri tunaporudi nyumbani likizo. Tuko wanne. Asubuhi ni Misa, kisha shamba la mzazi wa mmoja wetu, kisha katekisimu kwa watoto, na Jumamosi Jumuiya Ndogondogo. Jioni, na hili halijawahi kuwa siri parokiani, tuko kibanda umiza.

Anayevijua vibanda umiza anajua kwamba mfalme wake ni mpira wa Ulaya. Lakini Juni na Julai ligi zimefungwa, na mwenye kibanda hawezi kufunga naye, ana watoto. Hapo ndipo filamu zinapopata nafasi, na kwa Bariadi filamu inayojaza mabenchi kuliko zote ni ya mazombi. Tunaketi bega kwa bega, joto la watu sitini likituokoa na upepo wa nje, na sauti ya mtafsiri ikipita juu ya sauti za waigizaji. Kazi hiyo ya kutafsiri, ambayo Lufufu aliijengea jina Dar es Salaam, ni sanaa yenyewe: mtafsiri haelezi tu kilichosemwa, bali huonya, hucheka, hulaumu, na Brad Pitt wa World War Z akichelewa kukimbia humwita mjinga. Na mazombi hawaiti mazombi. Anawaita misukule.

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Wapo waumini wanaotuuliza, kwa upole, kama inafaa watu wanaojiandaa kuadhimisha Ekaristi watazame maiti wakitafuna watu. Swali ni halali. Mama mmoja wa WAWATA alitushauri tuwaoneshe vijana filamu ya Mateso ya Yesu badala yake. Mtoto wake akamkumbusha kwamba ile ya Mel Gibson ina damu nyingi kuliko zote tulizowahi kutazama. Tulicheka sote, mama naye. Ila tunapenda kumjibu vizuri zaidi, kwa sababu sisi hatuogopi kwamba filamu hizi zitawafanya vijana waogope wafu. Tunachokiogopa ni kingine.

Zombi wa filamu na msukule wa kwetu si ndugu wa karibu kama mtafsiri anavyodhani. Zombi wa sinema ni adui: amekufa, ameoza, anauma, na ukimpiga kichwani yameisha. Msukule hamuumi mtu. Msukule, kwa wanaoamini, ni mwanao. Amechukuliwa kichawi, mkazika mgomba mkidhani ni yeye, naye yuko mahali amekatwa ulimi, analishwa pumba, analimishwa usiku shamba la mtu. (Mgomba wenyewe Bariadi hauoti kwa urahisi. Wachawi wetu ingewabidi waagize kutoka Bukoba, na nauli wanaijua.) Wazee wakimsimulia msukule hawasimulii kwa hofu tu. Kuna huruma ndani yake.

Ajabu ni kwamba zombi wa kwanza alikuwa hivyo hivyo. Neno lilitoka Haiti, nchi ambako Wafaransa waliwalimisha miwa Waafrika waliowanunua, na wengi wa wataalamu wa lugha hulihusisha na lugha za Kongo. Zombi wa Haiti alikuwa maiti aliyefufuliwa na mchawi ili afanye kazi bila ujira, yaani utumwa usioishia hata kaburini. Filamu ya mwaka 1932, White Zombie, bado inawaonesha wakizungusha mtambo wa kusaga miwa. Ni baadaye tu, baada ya George Romero kutoa Night of the Living Dead mwaka 1968, ndipo maiti alipoanza kula watu na mtumwa akasahauliwa. Kwa hiyo mtafsiri wetu wa kibandani, bila kusoma popote, amelirudisha neno karibu na kwao.

Tofauti moja lakini haipatani. Zombi wa sinema hana aliyemtengeneza, au kama yupo ni kirusi kilichotoroka maabara. Msukule lazima awe na mwenyewe. Na mwenye msukule huwa hakai mbali. Ana nyumba, ana jina, mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi ni mjane, na macho yake ni mekundu.

Hatuhitaji kueleza sana hapa. Anayesoma akiwa Simiyu, Shinyanga, Mwanza au Geita anajua panga linafika vipi usiku. Habari hii ni ya zamani. Katikati ya miaka ya 1970, sehemu kubwa ya Simiyu ya leo ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, mauaji ya vikongwe yalizidi hata Serikali ikaendesha msako. Watuhumiwa wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola, na mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa kuwajibika kwa makosa ya walio chini yake. Mwaka 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Sheria ya Uchawi yenyewe ipo tangu 1928. Sheria hazijakosekana.

Na macho mekundu? Ingia jikoni kwa bibi yeyote wa Itilima au Meatu. Miti imekwisha siku nyingi, iliyokatwa kwa kuni na iliyokatwa kupanua mashamba ya pamba. Anapikia vijiti vya pamba vilivyong'olewa baada ya mavuno, na mavi makavu ya ng'ombe. Jiko ni mafiga matatu, nyumba haina dirisha, na kipupwe mlango unafungwa kwa ajili ya upepo. Keti humo nusu saa kisha ujitazame kwenye kioo. Yeye ameketi humo miaka sitini.

Likizo iliyopita kijana mmoja wa jumuiya yetu alifariki kwa ajali ya bodaboda, akitokea mnadani. Tulikuwapo msibani tangu siku ya kwanza. Siku ya pili usiku, kwenye moto wa wanaume, mtu alisema kwa sauti ya chini kwamba yule hakufa, amechukuliwa. Hakutaja jina. Kesho yake tuliona bibi mmoja jirani, aliyekuwa akiwasha moto wa wapishi tangu mwanzo, ameketi peke yake mbali, chini ya mkwaju, na kina mama wakipita pembeni yake na ndoo zao. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwita.

Baada ya maziko mama wa marehemu alituita nyuma ya nyumba. Tulidhani anataka Misa ya arobaini. Alituuliza, "Ng'wanawane, ninyi mlikuwa karibu na sanduku. Mlimwona sawasawa? Alikuwa ni yeye?"

Katika masomo ya seminari tumefundishwa mambo ya mwisho: kifo, hukumu, mbingu, moto. Tumefundishwa pia namna ya kuzika. Swali hili halikuwamo kitabuni, nalo lilitufungua macho kwa jambo moja. Mwenye kuuliza hivyo hatafuti mchawi. Anatafuta mtoto. Habari ya msukule inampa kile ambacho kaburi limemnyima: huenda yuko hai, huenda atarudi, na wapo wahubiri waliojijengea majina makubwa kwa kuahidi kumrudisha. Ila bei ya tumaini hilo ni lazima mtu alipe, na aliyekuwa karibu kulipa alikuwa ameketi chini ya mkwaju.

Tulimjibu ukweli. Tulimwambia tulimwona, kovu la kidevu tulilifahamu, na mwenzetu mmoja alikuwa amesaidia kumwosha. Alilia sana, zaidi kuliko makaburini, na hatukumnyamazisha. Katekista, mzee anayewajua watu wake kuliko sisi, alikuja akaketi naye chini. Alimsimulia habari ya Lazaro kwa Kisukuma, taratibu, kama habari ya ukoo wa jirani: jinsi Martha na Maria walivyolia, jinsi Bwana mwenyewe alivyolia kabla ya kutenda lolote, na jinsi alivyowaagiza watu wamfungue aliyetoka kaburini. Kisha akaongeza la kwake, ambalo hatukuwahi kulisikia darasani: katika habari yote ile hakuna aliyeulizwa ni nani aliyemuua.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilihamishia sala nyumbani kwa yule bibi. Katekista alitangaza tu kanisani, bila kutoa sababu, na watu wakaja, wengine kwa shingo upande. Mama wa marehemu alifika amechelewa, akaketi karibu na mlango. Mwishoni alimsalimia mwenye nyumba, "Mwangaluka, mayu," ingawa ilikuwa jua la saa nne.

Kuhusu filamu, wiki ile tuliomba projekta ya parokia na kuwaonesha vijana wa VIWAWA ile ya Korea, Train to Busan, ya mwaka 2016. Kwa maoni yetu hakuna ya mazombi inayoifikia. Treni inatoka Seoul, ugonjwa umo ndani, na kundi dogo la watu linapigana behewa kwa behewa kuwafikia wenzao walio salama. Wanafika, na wenzao wamefunga mlango. Mwanamume mmoja mwenye suti amewashawishi kwamba hao wanaokuja huenda wameambukizwa, na wanapofanikiwa kuingia wanafukuzwa wakae mwisho wa behewa peke yao. Bibi mmoja aliyemo ndani anawatazama wenzake wa behewa, anamtazama dada yake aliyeachwa nje akawa zombi, kisha anafungua mlango. Karibu wote wanakwisha.

Tulisimamisha filamu hapo tukauliza: nani amewaua? Kijana wa kwanza alisema, bila kusita, "Huyo bibi ni mchawi." Ukumbi ukacheka. Wa pili akasema hapana, ni mwenye suti. Msichana mmoja, anayesoma sekondari Maswa, akasema kwamba mwenye suti alikuwa mmoja tu, mlango ulishikwa na behewa zima. Mjadala ulikwenda mpaka saa tano usiku, hatukuumaliza, na filamu yenyewe tukaimalizia siku ya pili kwa sababu mafuta ya jenereta yaliisha. Tuliwasimulia pia ile ya Romero, ambayo shujaa wake Ben, mtu mweusi, anayavuka mazombi yote ya usiku, na asubuhi anapigwa risasi na walinzi waliodhani naye ni mfu. "Sungusungu," mtu akasema gizani, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo, mama wa WAWATA, tutaendelea kutazama, nawe karibu. Tutakuwekea nafasi benchi la mbele.

Kabla likizo haijaisha vijana kumi wa VIWAWA walikwenda kwa yule bibi na udongo wa kichuguu, maji na matofali ya kuchoma. Walimjengea jiko la kuziba lenye bomba linalotoa moshi kupitia ukutani, wakamtobolea na dirisha. Linatumia vijiti nusu ya vya zamani. Macho yake bado ni mekundu. Miaka sitini haifutiki kwa wiki mbili, na analalamika kwamba ugali wa jiko jipya hauna ladha ya moshi. Jiko la pili limeanza kujengwa kwa mama wa marehemu. Yeye bibi ndiye anayewaelekeza vijana unene wa ukuta.