Upupu wa Kalundu

Niliambiwa Kalundu ni bandari, nami nikafunga safari ya bandarini: ndala na shati la mikono mifupi. Tuliondoka Bukavu kwenye baridi yake, tukapita Kamanyola, Luvungi na Sange, joto likizidi kila tulivyoteremka uwanda wa Ruzizi. Baada ya Kiliba, ziwa likajitokeza upande wa kushoto.

Kumbe Kalundu ni ukanda mwembamba tu. Mbele ni Tanganyika, nyuma milima ya Mitumba inaanza kupanda papo hapo, bila hata kukohoa. Asubuhi nikamfuata mama mwenyeji wangu shambani kwake, mlimani. Yeye alipanda akiongea. Mimi nilipanda nikihema. Chini boti za mbao zilionekana kama maganda ya karanga, na ng'ambo Burundi ilikuwa ya bluu.

Nilisimama kupumua penye kichaka kilichofunikwa na mmea wa kutambaa. Maganda yake yalining'inia kwa vichala, yamepinda kama herufi S, yana manyoya ya rangi ya dhahabu, laini kama mahameli. Nikashika moja.

“Papa, acha! Ni upupu!”

Alichelewa. Kiganja kilianza kuwasha, kisha kikawaka, kisha na shingo, maana nilikuwa nimeishika. Nikakimbilia chupa ya maji.

“Maji hapana, yatautembeza. Na usijikune.” Alichota majivu pale alipochomea magugu, akanisugua taratibu mpaka vinywele vikaanza kutoka.

Halafu, kana kwamba ananifariji, alichuma maganda kwa kijiti, akayababua motoni na kuyapasua. Ndani mlikuwa na mbegu za kung'aa, zenye madoa kama mayai ya kware.

“Hizi wakati wa njaa zinaliwa. Unachemsha, unamwaga maji, unachemsha tena. Ukiwa na haraka, utatapika.”

Onyo hilo lina sababu. Mbegu za upupu zina levodopa, dawa ileile ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa Parkinson. Mchemsho wa kurudiarudia ndio unaoipunguza. Kusini mwa Malawi, ambako huitwa kalongonda, wapishi wanaijua kazi hiyo vizuri.

Jioni tukawekewa samaki aina ya mikeke na ugali wa muhogo. Mkono wa kulia ulikuwa bado unawaka, nikaomba kijiko. Mtoto mdogo wa nyumba ile alinitazama kwa huruma, akauliza kama huko Bukavu hatuna upupu.