Maji ya Samaki Yaliyotaka Kuvunja Nyumba Singida

Kiangazi cha Singida hakina huruma. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua unaisikia kwa wengine, na kila ndoo ya maji ina heshima yake. Sasa vuta picha: nyumba ya kupanga, madumu yamepangwa mlangoni, halafu kila Jumamosi mume anachota lita 15 kwenye tangi la samaki wa mapambo na kwenda kuzimwaga nje ya geti. Mke anaangalia tu, haongei.

Tangi lenyewe la lita 60 jamaa alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Kwake ilikuwa fahari. Kwa mkewe ilikuwa dharau, maana pale pale dirishani maua matatu aliyoachiwa na marehemu mama yake yalikuwa yanageuka njano.

"Samaki wako wanabadilishiwa maji kila wiki, maua ya mama yangu yanakufa na kiu," alisema siku moja mbele ya wageni. Weee! Jamaa alisusa chakula siku mbili.

Aliyeokoa jahazi ni mama wa jamaa, alipokuja kuwatembelea kutoka Iramba. Jumamosi akaona ndoo inaelekea getini, akamsimamisha mwanaye. "Baba, hayo maji yana samadi ya samaki. Unaimwagia barabara ili iote nini?" Akaichukua ndoo, akayagawa mwenyewe kwenye makopo ya maua.

Bibi hakukosea. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula chao hutoa amonia, na bakteria waliomo tangini huigeuza mpaka ikawa naitreti. Ndani yake kuna naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani. Ikizidi inawaumiza samaki, ndiyo maana maji hubadilishwa. Kwa mmea ni mbolea ya bure. Haikuchukua muda, majani mapya yakaanza kuchungulia, na pale sebuleni watu wakaanza tena kutaniana.

Mambo nusura yaharibike samaki mmoja alipougua. Jamaa akatia chumvi tangini kumtibu, na Jumamosi, kwa mazoea, akaibeba ndoo hadi dirishani. Mkewe akamdaka mkono.

"Si umeweka chumvi humu? Pale Singidani kuna maji kibao, ila ya chumvi. Ungeyaleta kwenye maua ya mama?"

Jamaa akabaki mdomo wazi. Ni kweli, chumvi huzuia mizizi kunyonya maji, ua linakauka huku udongo umelowa. Dawa za samaki nazo ni hivyo hivyo, maji yake usiyapeleke kwenye maua. Lakini kilichomgusa zaidi si chumvi. Mwanamke aliyedhani anachukia tangi lake, kumbe alikuwa anafuatilia kila kinachoingia humo.

Siku hiyo ndoo ilimwagwa nje ya geti kama zamani. Tofauti ni kwamba waliibeba wawili.