Kigoma hadi Ujiji: Gari Gani Linamtosha Bibi, Watoto na Dumu la Mawese?

Likizo ikikaribia, familia nyingi zenye asili ya Kigoma huanza kuhesabu watu na viti. Baba, mama, watoto watatu, dada wa kazi, na bibi anayesubiri kuchukuliwa Ujiji. Hapo ubishi huanza sebuleni: tutafute gari la chini la familia kama Noah, Wish au Probox, au gari la juu kama RAV4, Harrier au Prado?

Kwa anayetazama kutoka nje, gari la juu ndilo kubwa. Kwa anayekaa ndani, hesabu ni nyingine. Tuzungushe magari haya mjini, kituo kwa kituo.

Stesheni ya Kigoma: mabegi

Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914, na hadi leo anayeshuka kwenye treni hashuki mikono mitupu. RAV4 na Harrier nyingi zilizoko barabarani zina viti vitano, kwa hiyo buti ni zuri lakini mtu wa sita hana pake. Prado yenye safu tatu huwabeba wote, ila viti vya nyuma vikifunguliwa, buti hubaki ukanda mwembamba na mabegi hupanda kwenye keria.

Noah nayo buti lake ni dogo watu wakijaa. Lakini katika Noah nyingi viti vya safu ya tatu vimegawanywa na hukunjwa pembeni. Unaweza kukunja upande mmoja ukapanga mabegi, na upande wa pili akakaa mtu.

Ujiji: magoti ya bibi

Ujiji, mji wa kale wa biashara ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, una mitaa ambayo watu, baiskeli na bodaboda hupita karibu sana na gari. Mlango wa Noah wa kuvuta pembeni haumgongi mpita njia, na mtoto hawezi kuusukuma ukampiga mtu.

Kwa bibi, Prado ni mlima. Lazima anyanyue goti juu, ashike mpini na asukumwe. Probox nayo ni chini, hivyo huinama kuingia na hujikongoja kutoka. Kwa mtu mzima mwenye maumivu ya magoti, kiti kizuri ni kile kilicho usawa wa nyonga zake: anageuka, anakaa, kisha anaingiza miguu. Hapo RAV4 inajitetea vizuri. Noah iliyoanza kutengenezwa mwaka 2001 pia ina sakafu ya chini kuliko ile ya zamani iliyokuwa na injini chini ya viti vya mbele.

Kibirizi: dagaa na mawese

Gombe haina barabara ya gari. Safari ya kwenda kwa sokwe huendelea kwa boti, na wengi huanzia ufukwe huu wa Kibirizi. Anayerudi nyumbani naye hubeba dagaa na mawese.

Kwa mizigo ya namna hii Probox haina mpinzani: sakafu ya nyuma ni ndefu na imenyooka. Tatizo ni abiria. Zile zilizotengenezwa kama gari la mizigo zina kiti cha nyuma chembamba chenye mgongo mfupi, na wengi tunaujua ukakasi wake tuliopanda mchomoko. Kumbuka pia kwamba katika magari yote haya buti halina ukuta. Harufu ya dagaa ni ya wote, na dumu lisilofungwa vizuri huruka mbele dereva akikanyaga breki.

Barabara ya Uvinza: tumbo la mtoto

Ukitoka mjini kupitia Kidahwe kuelekea Uvinza, raha ya kiti inapimwa kwa saa, si kwa dakika. Safu ya tatu hukaa juu au nyuma ya ekseli, ndiyo maana hurushwa zaidi. Katika Prado sakafu ya nyuma iko juu, hivyo mtu mzima hukaa magoti yakielekea kidevuni. Ile ya Wish inawafaa watoto, si shangazi. Anayetapika safarini mkalishe safu ya kati, aone barabara mbele.

Gari la juu lina faida yake: njia ikiharibika kwa mvua, halikwaruzi tumbo. Kama kijiji chenu kiko ndani, faida hiyo ni kubwa kuliko buti.

Kabla ya kulipa

Nenda kutazama gari ukiwa na familia nzima, bibi akiwemo. Wote wakae kwa dakika kumi, milango ikiwa imefungwa. Kisha vuta kila mkanda mpaka ufunge. Hesabu mikanda, usihesabu makalio. Mkanda wa katikati mara nyingi ni wa kiunoni tu, na mingine imezama chini ya kiti miaka mingi.

Mtoto anayepakatwa hana kiti, hata kama gari linaitwa la watu wanane. Gari likisimama ghafla, mikono ya mama haiwezi kumzuia. Ikiwa mikanda ni mitano na nyinyi ni saba, gari hilo, liwe la juu au la chini, bado halijawatosha.