Usiuze shamba kabla ya safari hii

Msomaji mpenzi, huenda jioni moja, mkiwa mezani, mwanao aliyemaliza chuo kikuu akakohoa kidogo, akaweka kijiko chini na kutangaza kwamba amechoka kutafuta kazi. Sasa ataka kuanzisha kampuni. Si duka wala kinyozi, la hasha. Ni kampuni ya programu ya simu, ambayo ati itabadilisha jinsi Wakenya wanavyonunua mboga. Kinachokosekana ni mtaji tu. Na macho yake yatamwendea baba, kisha mama, kisha yatatua kwenye lile bahasha lenye hati ya shamba la ekari mbili kule mashambani.

Usimjibu haraka. Ukikataa papo hapo utaitwa mtu wa zamani, na ukikubali papo hapo huenda ukajikuta huna shamba wala kampuni. Badala yake, fungeni safari. Nauli yake si haba, lakini ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya shamba. Safari yenyewe ni ya kuteremka: inaanza Nairobi, inapitia Konza na kuishia Mombasa. Katika njia hiyo mtauona mti wa teknolojia kuanzia matawini, mshuke kwenye shina, mpaka mfike mizizini.

Barabara ya Ngong

Anzieni katikati ya jiji. Pandeni matatu namba 111, ile iendayo Ngong, na mwambieni makanga awashushe kabla ya Adams Arcade, karibu na jumba la Bishop Magua Centre. Ukilitazama kwa nje hutaona la ajabu. Lakini Machi 2010, katika ghorofa ya nne ya jumba hilo, palifunguliwa iHub, ukumbi ambamo kijana mwenye kompyuta ya mkononi na wazo lake angeketi, akatumia intaneti ya kasi na kukutana na wenzake wenye ndoto kama zake.

Walioanzisha ukumbi huo walitoka katika kundi la Ushahidi. Nalo Ushahidi lilizaliwa Januari 2008, wakati nchi ilipokuwa ikiwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walitengeneza ramani kwenye mtandao, ambapo mwananchi angeweza kutuma habari za mahali palipozuka ghasia, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Miaka miwili baadaye programu hiyo hiyo ikatumika kule Haiti, baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010.

Tazama jambo hili kwa makini, msomaji. Ramani ile haikuanza na mamilioni ya wawekezaji wala ofisi yenye zulia. Ilianza na shida iliyokuwa mlangoni, na simu ambazo tayari zilikuwa mifukoni mwa watu.

Baada ya hapo sifa zilivuma hadi ng'ambo, wawekezaji wakaja, na Nairobi ikabandikwa jina la Silicon Savannah. iHub wenyewe ulihama mwaka 2017 ukaenda Kilimani, na mwaka 2019 ukanunuliwa na CcHUB ya Nigeria. Kwa hivyo usishangae ukipanda ngazi za jumba lile na kukuta wapangaji wengine. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, fungua uingie ndani.

Mkiwa bado hapo barabarani, mwonyeshe mwanao vitu viwili ambavyo vijana huvipita bila kuviona.

Cha kwanza ni jenereta lililofichwa nyuma ya jengo. Stima hapa kwetu ni kama mgeni mwenye tabia zake, huja na kuondoka bila kuaga. Usiku wa Agosti 25, 2023, zilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Wenzetu wa Ushahidi waliielewa shida hii mapema. Mwaka 2013 walichangisha fedha kwenye mtandao ili watengeneze BRCK, kifaa cha kusambaza intaneti chenye betri ya kudumu saa nane hata stima zikipotea. Kero ambayo wengine waliipigia kelele, wao waliigeuza kuwa bidhaa.

Cha pili ni kibanda cha wakala wa M-Pesa. Tangu Safaricom ilipoanzisha huduma hiyo Machi 2007, kibanda hicho kimekuwa kitu cha kila siku mpaka tumekisahau. Lakini fikiria M-Kopa, iliyoanza mwaka 2012 kuuza mitambo ya umeme wa jua kwa familia ambazo hazikuwa na stima, mteja akilipa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Kabla ya M-Pesa, nani angezunguka vijiji vyote akikusanya shilingi makumi kutoka nyumba hadi nyumba? Mti hauendi ila kwa nyenzo. Programu ya simu ni huo mti, na nyenzo yake ni mama aliyeketi ndani ya kibanda na daftari lake.

Nao wasiokumbuka gharama ya nyenzo huumia. Sendy, iliyokuwa ikisafirisha mizigo, ilifunga shughuli mwaka 2023. Copia, iliyokuwa ikipeleka bidhaa vijijini kupitia mawakala, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi Mei 2024. Usidhani kampuni hizo ziliendeshwa na wajinga. Zilikuwa na wahandisi hodari na fedha nyingi za wawekezaji. Lakini kufikisha pakiti ya unga kijijini kunahitaji gari, dereva na mafuta, na gharama hiyo haipungui ati kwa sababu agizo limeandikwa kwenye simu. Fedha mpya zilipokosekana, safari ikaishia njiani.

Basi hapo kando ya barabara, magari yakipita, mwulize mwanao swali la kwanza: nani atakulipa, na je, siku fedha za mwekezaji zikikauka, mtu huyo ataendelea kulipa bei ya kweli?

Konza

Siku ya pili shikeni barabara kuu ya Mombasa. Kilomita zipatazo 60 kutoka Nairobi, mkishaiacha Athi River nyuma na kuingia katika mbuga za nyasi, mtafika Konza. Hapa ndipo serikali ilipotenga ekari 5,000 za mji wa teknolojia, mmojawapo wa miradi mikuu ya Ruwaza ya 2030. Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi wake Januari 2013.

Mwenye kutarajia kuiona Dubai atavunjika moyo. Ataona upepo, anga pana na nafasi nyingi tupu. Hata hivyo ataona pia barabara za lami zilizopangwa vizuri, hifadhi ya data ya taifa, na mahali palipochaguliwa kuwa makao ya Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2023. Wapo wanaoucheka mji huu kwa sababu haujajaa watu. Mimi siucheki. Mabomba ya maji, mifereji ya majitaka na nyaya za chini ya ardhi hazipendezi kwenye picha, lakini ndizo kazi ambazo kijana mwenye kompyuta yake hawezi kujifanyia peke yake, hata awe na akili ya kuwashinda wote darasani.

Lakini kuna somo jingine hapa, nalo ni la zamani. Kabla ya mji wa teknolojia kuwazwa, Konza ilijulikana kwa stesheni ya garimoshi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Baadaye, kutoka papa hapa Konza, ikachepuka njia ya kwenda Magadi. Kwa nini Magadi? Kwa sababu magadi yalikuwapo ziwani, yakingoja kubebwa.

Nayo Nairobi yetu, hii tunayoiita jiji, ilianzaje? Ilikuwa nchi ya Wamaasai, mahali penye maji baridi, na wajenzi wa reli wakapafanya kituo chao kikuu kabla ya kuukwea mlima wa kuelekea Bonde la Ufa. Wafanyakazi wakahitaji chakula, nguo na mahali pa kulala, wafanyabiashara wakawafuata, na mji ukaota. Hakuna aliyewahubiria wenye maduka waje. Waliona reli, wakaona watu, wakaona na njaa ya watu hao.

Ndipo utaona kwamba nyenzo bila mti ni magogo tu yaliyolala chini. Ubora wa barabara za Konza utajulikana siku mzigo utakapopatikana wa kupita juu yake, na jambo hilo lataka subira ya miaka mingi. Serikali yaweza kusubiri miaka 30. Mwanao hawezi, maana kodi ya nyumba haisubiri mwisho wa mwezi ujao.

Swali la pili basi ni hili: mzigo uko wapi? Je, kuna jambo ambalo watu tayari wanalibeba kichwani kwa taabu, ambalo programu yako italibeba kwa wepesi? Au umejenga reli yako kwanza, ndipo uanze kutafuta magadi?

Baharini

Siku ya tatu mtakuwa Mombasa. Nendeni kwanza Fort Jesus, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wageni wengi hutazama mizinga, wakapiga picha na kuondoka. Wewe mwambie mwanao kwamba hapa hapa, Juni 2009, Rais Kibaki aliuzindua mkongo wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Muungano wa Falme za Kiarabu. Mwezi uliofuata ukaanza kufanya kazi mkongo wa Seacom, na mwaka 2010 ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya mwendo wa kobe.

Sasa hesabu miezi. Kutoka Juni 2009 hadi Machi 2010, iHub ulipofunguliwa kule Barabara ya Ngong, ni miezi tisa. Muda wa mimba, msomaji! Walioandika habari za vijana werevu wa Nairobi mara nyingi walimsifu mtoto wakamsahau mama. Na mama mwenyewe ni mkongo ambao katika kina kirefu hauzidi sana unene wa mpira wa kunyunyizia maji bustanini, ndani yake mkiwa na nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mwanga ukipita humo.

Kutoka Fort Jesus shikeni njia ya Mama Ngina, mketi ukutani penye upepo. Meli zinazoingia Kilindini hupita karibu kabisa, na nyingine huonekana mbali zikingoja zamu. Februari 2012 meli moja iliyokuwa ikingoja hivyo ilitia nanga mahali palipokatazwa, nanga ikaukata mkongo wa TEAMS, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za kanda hii. Mei 2024 ikawa zamu ya EASSy na Seacom, iliyokatika baharini karibu na Afrika Kusini. Siku hizo mkurugenzi mwenye ofisi ya vioo na mwanafunzi wa Githurai walikuwa sawa, wote wakitazama kiduara kikizunguka kwenye kioo cha simu.

Swali la tatu: umesimama juu ya nini kisicho chako, na kikikatika utafanya nini? Kijana anayejisifu kwamba amejitengeneza mwenyewe na afikiri tena. Mkongo uliwekwa na serikali na kampuni za simu, na ushuru wa baba yake umo. Daftari la wakala limo. Hata usiku alioukesha akiandika programu, kuna aliyelipa stima.

Na hapo, mzazi, ndipo jibu lako lilipo. Unachoombwa ni mtaji, lakini unachoweza kutoa vizuri zaidi ni nyenzo. Mpe kitanda, sahani ya chakula, bando la intaneti na tokeni za stima kwa mwaka mmoja, bila masimango. Mpe majina ya jamaa na marafiki wenye maduka, ili aende akakae nao na kuona taabu zao kwa macho yake. Mwaka ukiisha, na awe na wateja wanaolipa, hata kama ni kumi tu. Akiwa nao, jamaa na chama watakuwa na kitu cha kuongezea. Asipokuwa nao, atakuwa amejifunza mengi, na shamba litakuwapo bado. Programu ikifa huandikwa nyingine. Hati ya shamba ikishatiwa sahihi kwa mwingine, hairudi.

Nunueni mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, mle mkitazama meli. Usimharakishe kujibu maswali yake matatu. Madaraka Express huchukua zaidi ya saa tano kurudi Nairobi, na mahali pengine njiani huko Tsavo simu hupoteza mtandao. Huo ndio wakati mzuri wa kuzungumza.