Nukta Mbili

Nyumbani kwangu ni Mikumi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikipanda basi kwenda Kilosa kufundisha kompyuta. Mtu wa Mikumi hujifunza mapema tofauti kati ya kupita na kuingia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kiasi cha kilometa 50. Abiria huwaona twiga na tembo dirishani bila kulipa kiingilio, kwa kuwa wanapita tu. Atakaye kuzishika njia za ndani sharti apitie getini. Nilidhani jambo hilo nalijua vizuri. Kumbe sikulijua.

Chuo kimoja kidogo kiliniomba nikitengenezee programu ya kuwapa wanachuo masomo yao kwa simu. Niliiandika mwenyewe, nikajivunia. Katika seva niliweka folda ya masomo, iliyo wazi kwa kila mtu. Pembeni yake palikuwa na folda ya ofisi, yenye majina, namba za simu za wazazi na madeni ya ada. Kinga yangu ilikuwa moja tu: kila ombi lianze na neno "masomo". Likianza hivyo, lipite.

Jioni moja mwanachuo alinifuata stendi ya Kilosa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu."

Akanipa karatasi yenye namba ya simu. "Hii ni ya mama yangu, mwalimu. Nimeitoa kwenye masomo yako."

Niliishiwa maneno. Kwa lugha ya kompyuta, nukta mbili zikifuatwa na mstari wa mshazari maana yake ni "rudi folda moja nyuma". Yeye aliomba masomo/../ofisi. Ombi lilianza na "masomo" kama nilivyotaka, kisha likarudi nyuma, likaingia ofisini. Kivinjari cha kawaida hunyoosha nukta hizo kabla ombi halijatoka, kwa hiyo alilituma kwa programu fupi aliyoiandika mwenyewe. Mlinzi wangu alisikiliza neno la kwanza la safari, wala hakuuliza mwisho wake.

Mkuu wa pale alipopata habari alitaka kijana apelekwe polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila kibali, na kijana hakuwa na kibali. Nakiri, msomaji wangu, kwamba usiku ule nilitamani kunyamaza. Kijana akiwa mhalifu, mimi nabaki fundi aliyeibiwa. Kulipokucha nikasema kweli: mlango niliuacha wazi mimi, na mtu aliyechukua namba ya mama yake tu, kisha akaniletea mkononi, si mwizi. Mkuu alikubali shingo upande, na shauri likaishia hapo.

Dawa yake si ngumu. Kwanza nyoosha njia yote mpaka ujue faili liko wapi hasa. Baada ya hapo ndipo uulize kama liko ndani ya folda iliyoruhusiwa. Tena, programu isipewe haki ya kusoma faili lisiloihusu.

Hata wakubwa wamejikwaa hapo. Oktoba 2021, Apache, mojawapo ya programu za seva zinazotumika zaidi duniani, ilikutwa na tundu la namna hiyo katika toleo la 2.4.49. Nukta ya pili ilikuwa imeandikwa kwa alama za %2e, na ukaguzi haukuitambua. Toleo la 2.4.50 likatolewa kuziba tundu. Siku 3 baadaye likafuata la 2.4.51, kwa kuwa watu walikwisha kuificha nukta ile mara mbili. Ukaguzi unaofanyika kabla ya kufumbua alama zote hukagua kitu ambacho bado hakijaonekana.

Bado napanda basi lilelile. Konda wa njia yetu hajasoma kompyuta, lakini angeniokoa na aibu yangu. Haniulizi nimepandia wapi. Huniuliza nashukia wapi.