Orodha ya watoto ilibaki Goma, mimi nikiwa Bukavu

Ndugu wasikilizaji, nanyi jamaa zetu mlio uhamishoni, wengi mmeniuliza namna gani redio yetu iliendelea kusoma majina ya watoto waliopotea siku zile za volkano, wakati sisi waandishi karibu wote tulikuwa tumeuacha mji. Leo naeleza, pamoja na kosa langu.

Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Alhamisi iliyofuata, tarehe 27, gavana wa kijeshi aliamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma wahame. Wengine walienda Sake na Minova, wengine Rutshuru, wengine wakavuka kwenda Gisenyi, na wengine wakapanda boti za Bukavu. Mimi na jamaa yangu tulipanda boti. Nilibeba mtoto mgongoni, godoro kichwani na kompyuta yangu ndogo mkobani. Tulipokuwa katikati ya ziwa ndipo nikakumbuka: orodha ya watoto ilibaki ndani ya kompyuta ya studio.

Ilikuwa na jina la mtoto, umri wake, mtaa, jina la mzazi na namba ya simu. Studio yetu haikuwa katika ile mitaa 10, na mama mmoja mtangazaji alibaki pale. Lakini alikuwa peke yake kwenye mikrofoni tangu asubuhi hadi usiku. Hakuwa na mkono wa kuandika majina yaliyokuwa yanatufikia kutoka Minova na Bukavu.

Bahati yetu, fundi wa redio alikuwa ameacha njia. Modemu ya studio inatumia SIM kadi, na huwezi kuipigia kutoka nje. Kwa hiyo fundi alipanga kompyuta ya studio yenyewe ipige: kila inapowashwa, inajifunga kwa SSH kwenye seva ndogo tuliyoikodi Ulaya. Mimi nikifika kwenye seva hiyo, narudi kwa njia ile ile mpaka studioni. Ila njia hiyo ilinipa maandishi tu, skrini nyeusi ya amri. Nilitaka kuona meza ya kazi kamili, nifungue orodha na kuijaza kama niko kitini pangu.

Fundi alikuwa Sake, simu yake karibu kuzima. Aliniambia kwa haraka: “Mashine ile ni Linux, na XFCE imo tayari, ni nyepesi. Weka TigerVNC. Tumia akaunti yako mwenyewe, usigombane na mama kwenye akaunti yake.” Nikaandika:

sudo apt install tigervnc-standalone-server

Kisha vncpasswd, nikaweka neno la siri. Kisha vncserver :1 nikaiwasha. Namba hiyo 1 ni ya skrini ya kwanza, na lango lake ni 5901. Skrini ya pili ingekuwa 5902.

Nikaunganisha. Ikaja skrini ya kijivu, tupu, bila dirisha hata moja. Nusu saa nilihangaika, na mega zinaisha. Kumbe seva ilikuwa imewaka vizuri, ila hakuna aliyeiambia ifungue meza gani. Ndani ya faili ~/.vnc/xstartup niliandika mistari miwili:

#!/bin/sh
exec startxfce4

Nikaipa faili ruhusa kwa chmod +x, nikaizima seva kwa vncserver -kill :1, nikaiwasha tena hivi:

vncserver :1 -geometry 1024x768 -depth 16

Skrini ndogo na rangi chache hula mega kidogo. Safari hii meza ikafunguka. Orodha ile pale. Mimi nilikuwa naandika, mama anaisoma hewani.

Sasa kosa langu. Ili nisisumbuke kila mara, niliamuru seva ya kukodi ipokee mtu yeyote anayegonga lango 5901, imfikishe studioni. Nilijiambia: kuna neno la siri, inatosha. Kesho yake asubuhi nikajaribu kuingia, nikafukuzwa. Kompyuta iliandika “Too many security failures”, maana yake watu wamekosea neno la siri mara nyingi mno. Lakini mimi sikuwa nimekosea hata mara moja. Nilipofungua kumbukumbu ndani ya ~/.vnc, nikaona majaribio ya usiku kucha. Kwa kuwa wote tulipita njia moja, mashine haikuweza kututofautisha mimi na wageni hao. Ikatufungia wote.

Nilimpigia fundi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Ndugu yangu, umeweka majina ya watoto wasio na wazazi barabarani.” Akanieleza kwamba neno la siri la aina ile linahesabu herufi 8 za kwanza tu, hata ukiandika 20. Na mtu akishaingia, yanayopita njiani hayafichwi.

Nililifunga lango lile saa ile ile. Tangu hapo skrini ya studio haisikilizi nje. Inasikiliza ndani ya mashine yenyewe tu, kwa -localhost yes. Mimi naifikia kwa handaki la SSH, kwa ufunguo ulio kwenye kompyuta yangu:

ssh -L 5901:localhost:5901 studio

Neno “studio” ni jina la njia tuliyoiandika katika mipangilio ya SSH. Kisha naelekeza programu ya kutazamia kwenye localhost:5901. Kazi ikiisha, naizima seva.

Sikukuta dalili kwamba kuna aliyeingia. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa nafikiri juu ya mtoto wa miaka 6 aliyekuwa Sake kwa jirani, ambaye namba ya mama yake niliiandika kwa mkono wangu. Siku mbili baadaye mama huyo alisikia jina hewani, akapiga simu redioni, akaambiwa mtoto alipo. Nilikuwa Bukavu, nikafuta mstari wake kwenye skrini ya Goma. Mkono ulitetemeka.

Tangu hapo redioni tunasoma jina la mtoto na mtaa tu. Namba za simu zinakaa kwenye faili nyingine. Na ninyi mliohama tena mwanzoni mwa 2025, majina yenu yameandikwa mara nyingi, na watu wengi. Mtu akija kuwaandika, mwulizeni bila aibu: orodha hii inalala wapi, na nani ana ufunguo? Mwenye nia njema atawajibu.