Majibu ya Maabara ni Ushahidi

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu yahusu uandishi wa deni. Nayo ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara. Humo Mwenyezi Mungu Mtukufu ameamrisha kwamba deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Basi ikiwa mali, ambayo huja ikaenda, imewekewa ulinzi wote huo, seuze uhai wa mwanadamu?

Sisi tumezipitisha siku zetu nyingi katika maabara ya hospitali, tukipima damu, mikojo na makohozi ya watu. Wengi wakisikia neno maabara huwaza hadubini na chupa. Lakini kwa tuliyoyaona, sehemu kubwa ya kazi ile ni uandishi. Kuipima damu huenda kukachukua dakika chache tu. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba jibu limeandikwa sawasawa, kwa mtu mwenyewe hasa, na limemfikia tabibu kwa wakati wake. Siku hizi uandishi huo hukabidhiwa kompyuta, na watu wamegawanyika mafungu mawili. Wako wanaodhani kwamba kompyuta haikosi kamwe, na wako wanaodhani kwamba ni anasa tu, na daftari latosha. Sisi twaona mafungu yote mawili hayakuifikia haki, na twapenda kueleza kwa nini.

Katika miji yetu ya pwani majina ni machache na watu ni wengi. Fatuma binti Ali, Omari bin Saidi: ukisimama katika baraza ya hospitali ukaita jina kama hilo, huenda wakaitika watatu. Tulipokuwa tungali vijana, katika hospitali moja tusiyoitaja, walikuja wanawake wawili wenye jina moja, asubuhi moja. Mmoja alikuwa mja mzito wa miezi minane. Mwenzake alikuja kwa sababu ya homa. Wakati huo kila kitu kiliandikwa kwa kalamu katika daftari kubwa, kisha majibu yakanakiliwa katika vipande vya karatasi. Mnakili akayabadilisha majibu yao pasipo kujua. Yule mja mzito, ambaye kipimo cha damu yake kilikuwa gramu 6 kwa desilita, akapewa karatasi ya mwenzake yenye gramu 12, akaambiwa hana neno, akarudi kwake.

Elimu ya utabibu yasema kwamba mja mzito akiwa chini ya gramu 11 ana upungufu wa damu, na akiwa chini ya 7 upungufu huo ni mkali. Mwanamke wa namna hiyo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hana akiba ya kumvusha.

Aliyemwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni mzee mmoja mpimaji. Alasiri, alipokuwa akikusanya chupa za asubuhi, aliiona moja damu yake imepauka kupita kiasi, akamkumbuka mwenyewe alivyokuwa akihema alipoketi kutolewa damu. Akalifungua daftari, akalinganisha, akafahamu. Tukatumwa vijana wawili kumtafuta mtaani, nyumba kwa nyumba, hatuna mkononi ila jina ambalo kila mtaa unalo. Tulimpata baina ya Magharibi na Isha, ameketi uani akichambua mchele, naye akatushangaa, maana alikwisha ambiwa kwamba ni mzima. Alirudi hospitali usiku ule ule, ndugu zake wakamtolea damu, na baada ya wiki tatu akajifungua salama.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: je, kama mzee yule angalikuwa amekwisha kwenda zake nyumbani? Haifai uhai wa mama na mtoto wake uning'inie katika kumbukumbu ya mtu mmoja.

Jambo hili la majina kufanana si geni kwa wanavyuoni wetu. Walipokuwa wakikusanya hadithi za Mtume (S.A.W.) hawakuridhika na maneno peke yake, walitaka isnadi, yaani mfuatano wa watu walioyapokea maneno hayo, fulani kutoka kwa fulani, mpaka kufika kwa Mtume mwenyewe. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, sawa na mwaka 870, alisafiri nchi nyingi kwa kazi hiyo. Na kwa kuwa wapokezi wengi walishirikiana majina, Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, sawa na 1071, alitunga kitabu kizima cha kuwapambanua wapokezi wenye jina moja, akakiita Al-Muttafiq wal-Muftariq. Walijua kwamba habari ya kweli ikipachikwa mtu asiyekuwa wake, imekuwa uwongo.

Programu njema ya maabara hufanya kazi inayofanana na hiyo. Mgonjwa akifika, hupewa namba isiyokuwa ya mtu mwingine, na namba hiyo hubandikwa juu ya chupa yake kwa kibandiko chenye mistari myeusi, mfano wa ile iliyo juu ya bidhaa za madukani. Mashine ya kupimia huisoma mistari hiyo yenyewe, na jibu lipatikanapo huingia katika kompyuta pasipo mkono wa mtu kulinakili. Kisha programu hulitazama jibu. Ikiwa mtu alikuwa na gramu 12 mwezi uliopita, na leo aonekana ana 6, programu hulizuia jibu hilo na kumtaka mpimaji atazame tena: je, damu imepotea kweli, au chupa si yake? Baadaye mkubwa wa zamu hulipitisha, ndipo tabibu alione. Katika kila hatua huandikwa nani alifanya, siku gani, saa ngapi, na kwa mashine ipi. Hiyo ndiyo isnadi ya jibu.

Na likiwako kosa la kusahihishwa, jibu la kwanza halifutwi. Hubaki mahali pake, na kando yake huandikwa la pili, pamoja na jina la aliyebadilisha. Mwaka 1997 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa kanuni ya kumbukumbu za kompyuta kwa kazi zilizo chini ya usimamizi wake, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba mabadiliko yasiyafiche yale yaliyoandikwa kabla.

Wala mambo haya si ya nchi tajiri pekee. Iko programu iitwayo BLIS, iliyotengenezwa katika chuo cha Georgia Tech huko Marekani kwa kushirikiana na wizara za afya za nchi kadhaa za Afrika, nayo imetumiwa katika hospitali za Kameruni, Ghana na Kenya. Hainunuliwi, na wenye elimu waweza kuigeuza ilingane na haja za mahali pao.

Hayo ndiyo majibu yetu kwa wanaosema kuwa daftari latosha. Sasa tuwageukie wale wanaodhani kwamba kompyuta haikosi.

Katika mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Uingereza ilikuwa ikipima maelfu ya watu kila siku. Majibu yalitoka katika maabara yakiwa sahihi. Lakini yalipohamishiwa kwa wakubwa wa afya yalipitishwa katika majedwali ya Excel ya mtindo wa zamani, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Jedwali likijaa, yaliyobaki hayakuingia. Kwa njia hiyo habari za wagonjwa 15,841, za baina ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, ziliachwa nje ya hesabu. Wagonjwa wenyewe walikuwa wameambiwa majibu yao, lakini watu waliokaribiana nao walichelewa kutafutwa na kuonywa, na maradhi yale hayangoji mtu.

Kadhalika wanazuoni wa elimu ya urithi wa viumbe walikuwa wakiandika jina la jini iitwayo SEPT1, na programu hiyo hiyo ikaligeuza, pasipo kuulizwa, kuwa tarehe ya kwanza ya Septemba. Mambo yakafika hadi mwaka 2020 wenye mamlaka ya kutoa majina hayo wakaona bora wayabadilishe majina yenyewe. Twaona hapa kwamba kompyuta ni karani mwepesi na mtiifu, lakini hana haya wala hofu. Akikosea hasiti, wala uso haumbadiliki. Basi kila panapohamishwa majibu, hapana budi awepo mtu wa kuuliza: yaliyotoka ni mangapi, na yaliyofika ni mangapi?

Liko jambo jingine tulilolishuhudia, nalo latuhuzunisha zaidi, kwa kuwa si kosa la mashine. Kila mpimaji hupewa neno lake la siri la kuingilia katika programu. Lakini katika maabara nyingine neno moja hutumiwa na watu wote, ati kwa kurahisisha kazi. Zamu inapopinduka hakuna ajisumbuaye kufunga na kufungua. Kompyuta ikaandika kwamba fulani amelihakiki jibu usiku wa manane, ilhali fulani huyo amelala kwake na wanawe. Isnadi imevunjika, wala kwa nje haionekani kuwa imevunjika. Vijana wetu wanaoingia katika kazi hii twawausia wasilichukulie jambo hili kuwa dogo. Kumwazima mwenzio neno lako la siri ni kumwazima ulimi wako akushuhudilie usiyoyaona. Na Mtume (S.A.W.) ameuhesabu ushahidi wa uwongo miongoni mwa madhambi yaliyo makubwa kabisa. Jibu la maabara ni ushahidi: tabibu atahukumu kwa hilo, atatoa dawa au atazuia, atapasua au ataacha.

Ushahidi huo tena ni amana, na amana ina sitara yake. Zamani mwenye kutaka kujua ugonjwa wa jirani ilimbidi alifikie daftari lililofungiwa kabatini. Leo yatosha kuugeuza uso wa kompyuta, au kuipiga picha karatasi kwa simu, na habari ya mtu itakuwa imezunguka mji kabla ya yeye mwenyewe kufika nyumbani. Programu zaweza kuwekewa mipaka, kila mtu aone yanayomhusu tu, na kuandika ni nani aliyefungua habari za nani. Walakini mpaka wa kweli umo moyoni mwa mwenye kumcha Mungu.

Na nyinyi wazazi, msidhani kwamba haya ni ya wataalamu tu. Mnapompeleka mtoto hospitali, semeni jina lake kamili la watu watatu, na siku aliyozaliwa, na liandikwe namna moja kila mara. Maana Fatma, Fatuma na Fatima kwetu ni mtu mmoja, lakini kwa kompyuta huenda wakawa watu watatu, na dada yake aliyeandikwa hivyo hivyo akawa ndiye yeye. Itunzeni namba yake ya hospitali. Mkipewa karatasi, someni kabla ya kuondoka: jina ni lake? Umri ni wake? Tarehe ni ya leo? Yuko mtu aliyelipitisha jibu? Na jibu lisipolingana na hali mnayoiona kwa macho yenu, ulizeni kwa adabu wala msione haya. Mama yule wa mimba alikuwa hawezi kupanda ngazi bila kupumzika, na karatasi ikamwambia kuwa ni mzima. Laiti angalikuwako wa kuuliza tangu asubuhi.

Kalamu, daftari na kompyuta vyote ni vyombo, na chombo hufuata mkono wa mwenye kukitumia. Mashine tumepewa, na elimu yake yapatikana. Linalotakiwa ni waadilifu wa kuzishika. Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu kuwa waandishi wa haki, awaponye wagonjwa wetu, na atusitiri sote hapa duniani na kesho Akhera. Amin.